Siku Sitini za Beberu

Tepu iliyotumika ilikuwa ya fundi wa nguo. Daktari wa mifugo alikuwa ameisahau yake ofisini, na mama mmoja wa kikundi cha akina mama wafuga mbuzi wa Karachuonyo, anayeshona sare za shule kando ya barabara ya kwenda Kendu Bay, akaivua ile iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake akampa. Beberu hakuwa na pembe za kushika. Kijana wa pale nyumbani akambana kwenye nguzo ya zizi kwa goti, mkono mmoja chini ya kidevu. Daktari akachuchumaa nyuma yake, akazivuta korodani taratibu mpaka zote mbili zikashuka chini kabisa ya mfuko wake, akazungusha tepu pale penye unene mkubwa. "Ishirini na mbili," akasema. Akapima tena. Ishirini na mbili.

Beberu wa maziwa aliyekomaa hutarajiwa kupita sentimita 25. Lakini kilichomsumbua daktari zaidi ya kipimo ni kile alichokigusa. Korodani yenye afya hukaza chini ya kidole kama msuli wa mkono uliokunjwa. Hizi zilibonyea kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Akamrudishia fundi tepu yake, akanawa mikono kwa maji ya kibuyu, kisha akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Mama, huyu aliugua lini?"

Hakuna aliyewahi kuwauliza hilo. Maswali mengine walikuwa wameulizwa mengi. Mradi uliowaletea beberu huyo, ambao siutaji, ulikuwa na fomu ya kila mwezi: kikundi kina wanawake wangapi, mmekutana mara ngapi, mbuzi wangapi wamepandwa, lita ngapi za maziwa zimeuzwa. Mwenyekiti alizijaza fomu zile kwa uaminifu na nakala zake amezihifadhi kwenye mfuko wa unga wa plastiki, zisiloe. Nimezisoma zote. Hakuna mstari wa kuandika homa ya dume.

Aliugua mwezi wa nne, mwaka uliotangulia. Ndugu wa mwanachama mmoja anaishi upande wa Lambwe, na alikuwa na majike watano waliohitaji mbegu nzuri. Beberu akasafirishwa kwenye buti la probox, akakaa huko wiki tatu, akarudi amekonda, macho yamefifia, anatetemeka jioni. Wakamchoma dawa ya nagana, ugonjwa wa mbung'o, akapona. Kufikia mwisho wa mwezi wa tano alikuwa anakula vizuri na kunuka kama nyuok, yaani beberu, anavyopaswa kunuka, na hiyo ndiyo dalili ambayo kila mtu katika Homa Bay na Migori huiamini. Mwezi wa sita, wataalamu wa mradi wakaja na sponji.

Sponji hizo ni dawa nzuri, na sitaki msomaji adhani ninazilaumu. Ni kipande kidogo cha sponji kilicholoweshwa homoni ya jamii ya projesteroni, kinachowekwa ukeni mwa mbuzi au kondoo jike kwa siku 12 hivi au zaidi kidogo. Kikiwa ndani, mwili hudhani kuna mimba na hautoi yai. Kikitolewa, mara nyingi kwa kusindikizwa na sindano ya homoni nyingine, majike wote huingia kwenye joto karibu kwa pamoja, siku mbili tatu baadaye. Mbuzi hubeba mimba siku 150. Ukipandisha katikati ya mwezi wa sita, watoto huzaliwa katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zinaponyesha na majani yapo. Hesabu ni safi. Mbuzi 20 waliwekewa sponji siku moja.

Na beberu alikuwa mmoja.

Katika hali ya kawaida dume mmoja mwenye nguvu huweza kuhudumia majike 25, hata zaidi, kwa sababu hawaji wote siku moja: leo huyu, kesho kutwa yule, na mzunguko wa mbuzi ni siku 21. Ukiwaleta pamoja kwa homoni, kazi ya wiki tatu umeirundika kwenye siku mbili, na wataalamu hushauri dume mmoja asipewe majike wanaozidi kama kumi. Dawa ilitiwa kwa majike lakini mzigo wake ukamwangukia dume. Aliwapanda wengi, wote wanakubali. Wanakumbuka jinsi alivyofanya kazi mpaka akalala chini. Fomu ya mwezi huo imeandikwa: waliopandwa, 20. Mwezi wa kumi na moja walizaa wanne.

Swali la daktari ndilo lililofungua fundo. Mbegu ya dume haitengenezwi siku ya kupanda. Ndani ya korodani ya beberu au kondoo dume, chembe ya mbegu huchukua takribani siku 47 hadi 49 kukua, kisha husafiri kwa karibu wiki mbili kwenye mirija iliyojikunja nyuma ya korodani, ambako ndiko inakojifunza kuogelea. Ukizijumlisha ni kama siku 60. Kwa hiyo mbegu alizotoa katikati ya mwezi wa sita zilianza kuumbwa katikati ya mwezi wa nne, siku zilezile alipokuwa akitetemeka kwa homa aliyoipata Lambwe. Mwili ulikuwa umepona na harufu imerudi. Tamaa haikupungua hata kidogo, kwa kuwa tamaa ina njia yake na mbegu zina njia yake. Mtu aliyesimama pale zizini asingeweza kuona tofauti kwa macho.

Korodani huishi nje ya tumbo kwa sababu hutaka ubaridi wa nyuzi chache chini ya joto la mwili, ambalo kwa mbuzi ni kama nyuzi 39. Homa huifuta tofauti hiyo. Na nagana hufanya zaidi ya homa: vimelea vyake, vinavyoenezwa na mbung'o, humaliza damu na huharibu tishu za korodani zenyewe. Bonde la Lambwe limejulikana kwa mbung'o tangu zamani. Serikali ilipoanzisha makazi ya walowezi wa kienyeji huko miaka ya 1960, nagana kwa mifugo na malale kwa watu vilikuwa sehemu ya maisha ya bonde. Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita 120 za mraba na swala aina ya korongo wa mwisho wa Kenya, iko katikati yake, na vichaka vyake ndivyo nyumba ya mbung'o. Vitambaa vya bluu vilivyotiwa dawa vinaonekana pembezoni mwa mbuga hadi leo, na vimesaidia sana. Mkaaji wa Lambwe anajua haya kuliko mimi. Mpango wa kuzalisha mbuzi bora uliandikwa kana kwamba kaunti nzima ni uwanja mmoja tambarare, na beberu aliyetoka nyanda za baridi akapita humo bila mtu kujiuliza atapita wapi.

Sasa nifike kwenye sehemu inayoniuma zaidi.

Baada ya vifo vya matumaini ya mwezi wa kumi na moja, kikundi hakikukaa kimya. Walichanga. Shilingi hamsini hamsini, mia mia, wakampeleka katibu mjini kwenye duka la agroveti, naye akarudi na maelezo kwamba dume amepungukiwa na "homoni ya kiume" na kwamba ipo sindano yake. Akachomwa mwezi wa kwanza, akarudiwa baada ya wiki tatu. Matokeo yalionekana haraka: akawa mkali, akawa anapiga kelele usiku na kumrukia kila aliyepita, mbuzi na kondoo pia. Wanakikundi walifurahi. Walikuwa wamelipa pesa yao na wameona kazi ya dawa kwa macho yao.

Kilichokuwa kikitokea ndani kilikuwa kinyume kabisa, na inafaa kueleza kwa utaratibu. Ubongo wa dume hutoa homoni ndogo kwa midundo, kila baada ya muda fulani, kama mtu anayegonga mlango. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo hutuma homoni mbili kwenye damu: moja huziambia korodani zitengeneze testosteroni, nyingine husaidia chembe zinazolea mbegu. Testosteroni ikishatosha, hurudi na kuuambia ubongo upunguze kugonga. Ukimchoma dume testosteroni kutoka nje, ubongo huona imejaa, huacha kugonga, na korodani huachwa bila amri. Testosteroni ya sindano huzunguka kwenye damu na kumpa ukali, lakini ile inayohitajika ndani ya korodani, nyingi mara kadhaa kuliko ya damuni, hukauka. Korodani hunywea. Mbegu hukoma.

Hili si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, katika majaribio yaliyochapishwa 1990 na 1996, sindano waliyochomwa wanaume wale kila wiki ilikuwa testosteroni hiyohiyo, na lengo lilikuwa kuzima mbegu. Ilizizima. Kikundi cha akina mama wa Karachuonyo kilichanga pesa ya mboga kumnunulia dume wao kitu kinachofanya kazi kama dawa ya kupanga uzazi, na hakuna aliyekuwa karibu wa kuwaambia. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao ipo, na inasema nani anaruhusiwa kutibu mnyama. Lakini daktari wa serikali huhudumia wadi kubwa kwa pikipiki isiyo na mafuta kila mara, na duka liko stendi, mlango wazi tangu asubuhi.

Kuna jambo la heshima hapa ambalo mara nyingi husahauliwa. Elimu ya homoni hizi dunia iliipata, kwa sehemu, kwa kondoo. Roger Guillemin, mwanasayansi aliyegawana Tuzo ya Nobel ya 1977 na Andrew Schally, alikusanya vipande vya ubongo wa kondoo kwa mamilioni kutoka machinjioni ya Marekani ili kupata chembe chache za homoni za ubongo. Mwenzake alitumia nguruwe. Muundo wa ile homoni inayogonga mlango ulijulikana 1971. Kwa hiyo mfugaji wa kondoo haombi hisani anapotaka elimu hiyo imfikie ikiwa kamili, pamoja na onyo lake.

Baadhi ya teknolojia haifai huku hata ikitumiwa sawasawa. Ulaya na Australia hutumia vidonge vya melatonini, vinavyopachikwa chini ya ngozi ya sikio. Melatonini ni homoni ya giza. Kondoo wa London huona mchana ukibadilika kwa karibu saa tisa kati ya kiangazi na majira ya baridi, na hutumia urefu wa usiku kujua wakati wa kupandana. Kondoo dume huko korodani zake hunywea na kujaa kufuatana na majira. Kidonge humdanganya kwamba usiku umerefuka, korodani zikajaa mapema. Homa Bay iko nusu nyuzi tu kusini mwa ikweta, Migori nyuzi moja. Tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima hapa haifiki dakika kumi. Mbuzi wa Nyatike hawana usiku wa kudanganywa nao. Saa yao ni mvua na majani, na dume anayepungua nguvu mwezi wa pili huwa amepungukiwa na chakula. Nimeona kidonge hicho kikitajwa kwenye semina ya Migori kama mfano wa "kilimo cha kisasa", na nilitamani mtu asimame aulize jua linazama saa ngapi kwao.

Chakula, basi. Kituo cha utafiti cha icipe kilichoko Mbita kilianza tangu 1997 kueneza njia ya kuzuia funza wa mahindi na kiduha kwa kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi pembezoni. Watu wengi wa ziwani wanaijua kama habari ya mahindi. Kwa mwenye mbuzi, desmodiamu ni protini inayoota shambani mwake, na korodani hujaa au kunywea kufuatana na lishe. Dume akilishwa vizuri kwa wiki nane kabla ya msimu, kipimo cha tepu huonyesha. Yule beberu wa kikundi alikuwa akila kwa zamu: kila mwanachama siku moja. Zamu ya mtu mwenye shamba ilikuwa desmodiamu na majani ya viazi vitamu. Zamu ya asiye na shamba ilikuwa kamba ndefu kando ya barabara. Majike walikuwa na wenyewe, kila mmoja na jina lake. Dume wa wote akawa si wa mtu.

Meru walilitatua hilo mapema. Shirika la FARM-Africa lilipoanza kueneza mbuzi wa Toggenburg huko mwaka 1996, dume aliwekwa kwenye nyumba moja iliyochaguliwa na kikundi, mwenye nyumba akawa ndiye mlezi wake, kila anayeleta jike analipa ada ndogo, na kila upandaji unaandikwa. Dume alihamishwa baada ya muda ili asipande binti zake. Baadaye wafugaji wenyewe wakaunda chama chao cha wazalishaji, kikaendelea mradi ulipokwisha. Ada ile ndiyo ninayoiona muhimu. Mlezi anayelipwa kwa kila jike aliyepandwa hujua siku dume alipokataa kula.

Kuhusu pembe pia nina la kusema, kwa kuwa nimelisikia Rongo, Awendo na Kendu Bay kwa maneno yaleyale: watu hupenda beberu wa maziwa asiye na pembe. Hapigi watoto, anapendeza. Lakini katika mbuzi wa Ulaya jamii ya Alpine, Saanen na Toggenburg, kasoro ileile ya kijenetiki inayoondoa pembe, jike akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, humfanya azaliwe huntha, si dume si jike, wala hazai. Kasoro yenyewe kwenye kromosomu ilitambuliwa 2001. Wafugaji wa zamani walijua kwa uzoefu kwamba mzazi mmoja awe na pembe. Ukileta beberu asiye na pembe, kisha mwana wake asiye na pembe akapanda mabinti wasio na pembe, mtaanza kuzika matumaini bila kujua chanzo. Ni sentensi moja tu ya kumwambia mfugaji siku ya kukabidhi mbuzi.

Na ipo homoni isiyouzwa dukani. Majike wakitengwa na dume kabisa, wasimwone wala kumnusa kwa wiki tatu au zaidi, kisha akaletwa ghafla, wengi huingia kwenye joto ndani ya siku chache, wakiwa wametawanyika kiasi ambacho dume anakiweza. Wamaasai, majirani wa Wakuria upande wa mashariki, hufunga ngozi tumboni mwa dume ili asipande mpaka msimu wanaoutaka ufike. Dhana ni ileile ya sponji, kupanga wakati wa kuzaa, ila dume huingia kazini akiwa amepumzika. Katika vijiji vya ziwani ambako mbuzi hufungwa kamba nyumba kwa nyumba, kumtenga dume ni rahisi kuliko kwa wafugaji wa kuhamahama: anapelekwa boma la tatu kutoka hapo.

Daktari hakuandika dawa yoyote siku ile. Aliagiza sindano zisirudiwe. Paa la mabati la zizi, lililojengwa chini kiasi kwamba beberu akisimama mgongo unakaribia kuligusa, alishauri liinuliwe au zizi lihamishiwe chini ya mwembe. Akachagua nyumba moja ya kumlea, ya yule fundi, kwa kuwa ana desmodiamu na hushinda nyumbani kwenye cherehani yake. Dume asipande jike yeyote kwa siku 60, alisema, kisha akajirekebisha: baada ya sindano zile huenda ikachukua zaidi, tutapima.

Nilirudi baada ya wiki saba. Beberu alikuwa chini ya mwembe, amefungwa kivulini, na juu ya cherehani kulikuwa na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi yenye tarehe zilizokatwa kwa chaki ya fundi, moja moja. Tepu ilisoma sentimita 24 na kidogo, na daktari alipobonyeza alitikisa kichwa kwa kuridhika. Bado, alisema, lakini anarudi.

Nikamuuliza mama kuhusu majike. Mbuzi wake wawili walikuwa wameingia kwenye joto wiki iliyopita, mmoja akilia tangu alfajiri, mkia haukai. Joto la mbuzi ni siku moja na nusu, halingoji kalenda. Alikuwa amemtazama beberu, akatazama tarehe zilizobaki, kisha akawafungua wote wawili akawapeleka kwa jirani mwenye kibeberu cha kienyeji, kifupi, chenye pembe zilizopinda na ndevu za manjano, ambacho hakijawahi kuugua tangu kizaliwe hapo.

"Nitapata watoto wadogo," aliniambia, akirudisha tepu shingoni, "lakini nitapata watoto."

Kisha akaniuliza kama kwenye ile fomu ya mwezi kuna mahali pa kuandika hivyo.